Mwaka wa nane na Kombi ya kulala hapa Kigoma, wenye magari ya zamani yenye kitanda na jiko tukutane humu

Baba Kombi (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni, wazee wangu humu shikamooni. Jana nimesimama Mwandiga kununua ndizi, kijana wa bodaboda akalizunguka gari mara mbili akaniuliza "mzee humu ndani ni duka?" Nikamfungulia mlango wa pembeni akaona kitanda, kabati, sinki na jiko la plati mbili, akanyamaza kidogo halafu akasema "kumbe geto". Ndiyo hivyo, ni geto lenye matairi, na huyo kijana ndiye kanifanya nifungue huu uzi maana maswali ni yaleyale kila siku bora niyajibu sehemu moja.

Ni Volkswagen Kombi ya mwaka 1975, ile ya kioo kimoja cha mbele siyo ile ya vioo viwili. Vitu vya ndani vilifungwa na Westfalia kulekule Ujerumani, paa linanyanyuka na turubai pembeni unasimama wima kabisa ukiwa ndani. Injini iko nyuma, cc 1600, nguvu ya farasi 50, haina rejeta wala tone la maji, inapozwa na feni tu, ni injini ileile ya zile Beetle za mgongo wa kobe. Nimeinunua 2017 kwa familia ya mzee mmoja wa Ujiji, Mungu amrehemu, yeye aliipata miaka ya 80 kwa Wazungu waliokuwa wanakatiza Afrika, walipofika ziwani wakaamua kuendelea na meli ya Liemba kwenda Zambia gari wakaliuza hapahapa. Nilitoa milioni nne na nusu. Mke wangu alisema hiyo hela ingepaua nyumba ya Kasulu, na hajaacha kusema mpaka leo.

Sasa mtu atakwambia ubaya wa haya magari ni spea. Siyo kweli, spea zipo, Nairobi zipo, Afrika Kusini zipo, unaagiza zinakuja kwa basi. Ubaya ni kwamba kila anayeligusa, mimi nikiwa wa kwanza, analifanya kama Toyota Noah. Naanza na siku lilipoungua.

2019 mwezi wa saba tunatoka Kigoma kwenda Tabora kwenye harusi ya shemeji. Mimi, mama watoto, watoto wawili, na fundi wangu wa wakati ule nikampa lifti maana ana ndugu zake Urambo, nikajiona mjanja kweli, nasafiri na fundi ndani ya gari. Kidahwe tumepita freshi, Uvinza tumekula na mama kanunua chumvi, lami ikaisha tukaanza vumbi la kuelekea daraja la Malagarasi. Kama saa nane mchana taa nyekundu ya chaji ikawaka. Nikamuuliza fundi. Akasema "hiyo chaji tu mzee, betri mpya, mchana hatuwashi taa, tunafika". Na mimi nikaona sawa, kwa gari nilizozoea ile taa haijawahi kunisimamisha.

Wakuu, kwenye Kombi mkanda ni mmoja. Unazungusha altaneta, na feni ya kupoza injini imefungwa kwenye shafti hiyohiyo ya altaneta upande wa pili. Mkanda ukikatika chaji hakuna na upepo hakuna. Na kwenye dashibodi ya kwangu hakuna geji ya joto, kwa hiyo ile taa ndogo nyekundu ndiyo geji yako ya joto, ndiyo inakwambia simama SASA HIVI. Sisi tukaenda dakika kumi na tano. Kwanza likaanza kukosa nguvu, nikashuka gia ya tatu, nikashuka ya pili, ikaja harufu kama pasi imesahauliwa juu ya shati la nailoni, halafu injini ikajifunga yenyewe. Tulipofungua nyuma mkanda umejikunja chini kule kama nyoka aliyegongwa, na injini inalia ti, ti, ti, chuma kinapoa. Mpaka leo bati la nyumba likilia vile jioni nashtuka.

Tulilala pale siku mbili. Kwa mara ya kwanza tangu ninunue gari likafanya kazi yake, tukanyanyua paa, tukapika wali na dagaa, watoto wakalala juu, kina mama wa kijiji cha jirani wakatuletea maji na kutuchungulia. Siku ya tatu Fuso iliyokuwa inarudi tupu Kigoma ikarudi nyuma mpaka kwenye tuta la udongo, tukasukuma Kombi juu ya tuta watu kumi na nne ikaingia kwenye bodi kama ng'ombe. Harusi hatukuiona.

Nikifika nyumbani naendelea, simu inazima.

Migebuka Mikavu

Hahahaha kama ng'ombe. Mkuu mimi swali moja tu kabla hujaenda mbali, choo kiko wapi?

Kijana wa Mwanga

Mzee kwa heshima zote, uza hiyo kitu kwa watu wa skrepa ununue IST. Milioni nne na nusu ya 2017 ungekuwa na boda mbili zinakuletea hesabu kila siku. Sisi watu wa Kigoma ndiyo maana hatuendelei tunapenda mambo ya kumbukumbu.

Baba Kombi

Kijana wa Mwanga nimekusikia, mwambie na mke wangu mtaelewana sana.

Naendelea. Injini ilipofunguliwa pistoni mbili zimekula silinda, mbaya zaidi namba 3. Wanaojua Beetle wanaijua hii habari, silinda namba 3 ndiyo inateseka kuliko wenzake, kwenye zile injini za zamani kipoza oili kilikuwa kimekaa palepale mbele yake kinaikinga upepo, baadaye kiwandani wakakisogeza. Uzuri wa hii injini silinda zinachomoka mojamoja, siyo bloku zima la kupeleka kuchonga, unanunua seti ya silinda nne na pistoni zake unapachika. Seti ilitoka Nairobi, na usafiri na mambo mengine ilinitoka 1,900,000 kabla ya hela ya fundi. Fundi mwingine, yule wa kwanza tukiwa tunakutana sokoni kila mtu anaangalia ndizi zake.

Tangu siku ile chini ya kiti changu kuna mkanda wa ziada, spana ya 21, na bisibisi bapa nene. Bisibisi unaishikiza kwenye mkato wa puli isizunguke, unafungua nati kwa 21, puli inaachana vipande viwili na katikati kuna washa nyembamba kadhaa. Mkanda ukilegea unatoa washa moja ya katikati unaipeleka nje chini ya nati, mkanda unapanda juu unakaza. Usitupe hata moja, mkanda mpya utazihitaji. Ukibonyeza kwa dole gumba uingie kama sentimita moja na nusu. Kazi ya dakika ishirini, binti yangu wa darasa la sita anaiweza, na ningejua hii 2019 tungekula pilau ya shemeji.

mzee_wa_reli

Marahaba wanangu. Nimesoma nikacheka peke yangu. Mimi nilikuwa karakana ya reli Tabora mpaka nastaafu, na nakumbuka Kombi zikiwa za watalii na za misheni, barabarani unaisikia kabla hujaiona. Huyo fundi wako usimlaumu sana, kila mtu anafunga macho kwa kile alichozoea.

Umetaja Liemba nikakumbuka. Ile meli imeundwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipandevipande, reli ya Kigoma ilikuwa imekamilika 1914, ikaunganishwa hapo Kigoma ikashushwa majini 1915. Vita ilipowazidi 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka injini grisi nzito kila mahali. Ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini. Sasa nakuuliza mwanangu, hiyo Kombi yako ukiiacha miezi mitatu uani unaiandaa vipi? Maana naona watu wanaegesha tu wanafunga mlango.

Baba Kombi

Shikamoo mzee wangu. Umenigusa kwenye kidonda kingine.

2020 niliiegesha shambani huku Mwandiga kama miezi mitatu na nusu. Nikajua matairi yakikaa sehemu moja muda mrefu yanabonyea upande, nikainua gari kwa jeki nikaweka magogo ya mwembe chini ya chesisi, matairi yananing'inia, nikaona nimefanya kitaalamu. Mchwa wakapanda kwenye yale magogo. Wakajenga njia yao ya udongo vizuri kabisa kwenye gogo, wakaingia kwenye tundu la kutolea maji chini ya sakafu, wakakuta plaiwudi ya Kijerumani ya 1975. Nilivyofungua kabati la nguo nimeshika kitasa kikabaki mkononi pamoja na rangi ya nje ya mlango, ndani hakuna mbao, ni udongo mtupu umejaa kama mkate. Kitanda wameacha fremu ya chuma.

Sasa hivi likikaa linakaa kwenye zege, chini ya chesisi ni stendi za chuma zimesimama kwenye makopo yenye oili chafu, betri nimetoa, tanki nimejaza petroli mpaka juu lisipate kutu kwa ndani, na kila wiki mbili narudisha betri naliwasha nusu saa mpaka lipate moto hasa siyo dakika mbili. Ekzosi naziba kwa kitambaa cheupe ili nisisahau kukitoa, maana panya nao wana mambo yao.

Halafu kosa la pili juu ya kosa la kwanza. Nikaenda kwa seremala, fundi mzuri sana ana mikono, nikamwambia nijengee upya makabati kama yalivyokuwa. Akaniambia "plaiwudi inaliwa, nakupigia mninga, mchwa hagusi". Nikafurahi. Mninga wa inchi moja wakuu, kabati, meza, kitanda, hadi rafu ya vikombe. Ilipendeza, ilinukia, ukipitisha mkono kama unapapasa sanduku la bibi harusi. Siku ya kwanza napandisha kutoka mjini kwenda Mwanga nikawa gia ya pili, baiskeli yenye dumu mbili za mawese ikanipita, jamaa akageuka akanipungia. Nikaenda kuichomoa yote nikaipima kwenye mzani wa wanunuzi wa mahindi, kilo 186. Gari la farasi 50! Mninga sasa hivi ni kabati la sebuleni kwangu na ndiyo kitu pekee kwenye hii safari mke wangu anakipenda. Kwenye gari nimerudisha plaiwudi ya milimita 12 nikaipaka dawa ya mchwa pande zote na zile kingo zilizokatwa hasa, fundi wengi kingo wanaziruka na ndiko wanakoingilia.

Migebuka Mikavu

Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Mwenye baiskeli alikupungia 😂. Mkuu swali la choo bado.

Fundi Isevya

Mwangaluka wakuu. Mimi fundi hapa Tabora miaka kumi na sita. Baba Kombi hongera, ila nina jambo. Hizi injini za upepo tatizo lake ni kukosa hewa, nimetengeneza Beetle kama tatu hivi, dawa yake unatoa yale mabati na yale mampira yanayozunguka injini, boneti ya nyuma unaiegemezea kijiti ibaki wazi kidogo, injini inapumua. Wateja wangu hawajawahi kulalamika. Sijui kama wewe ulifanya hivyo.

Baba Kombi

Fundi heshima yako, ila hapo ndipo tunapoachana njia, na naomba usinielewe vibaya maana hata mimi nilifanyiwa hivyohivyo na nililipia.

Angalia kwa hatua. Hewa ya kupoza inaingia kwenye yale masikio mawili ya pembeni kule nyuma juu, inaingia chumba cha injini, feni inaivuta, inaisukuma chini kupitia mapezi ya silinda, inatoka chini ya gari ikiwa ya moto. Yale mabati na ule mpira wa kuzunguka injini ni ukuta, juu ni hewa baridi chini ni hewa ya moto. Ukitoa ukuta, feni inavuta hewa ya moto iliyotoka chini inairudisha juu inaipuliza tena kwenye silinda, inazunguka hivyohivyo inazidi kupata moto. Na ile boneti ya kijiti ukiwa mwendoni inaweza kufyonza hata moshi wa ekzosi na vumbi. Unaona unaipa hewa kumbe unairudishia pumzi yake.

Mimi baada ya kujenga injini mpya ilikuwa inapata moto hata Kigoma–Kidahwe. Nilihangaika mwezi mzima na taimingi na kabureta, nikabadilisha plagi, kumbe mpira hakuna, yule fundi wa kwanza aliutoa zamani "ipumue". Mpira wa Kombi sikupata, nikachukua mpira wa mlango wa basi bovu nikaukata nikauchomeka kwenye ule mfereji wake kuzunguka injini yote. Kipimo changu ni cha kienyeji, nikisimama nachomoa kijiti cha oili nakishika kwa vidole. Kabla ya mpira nilikuwa naachia hapohapo. Baada ya mpira nakishika nahesabu mpaka kumi. Jua lilelile, barabara ileile.

Boneti ifunge fundi wangu.

Kijana wa Mwanga

Yaani gari unapima joto kwa kushika na vidole halafu mnaniambia siyo skrepa.

Binti Unyanyembe

Samahanini kaka zangu naomba kuingilia, nimeufuata huu uzi kimyakimya tangu juzi. Mjomba wangu kaniachia Mercedes 207 D ya miaka ya 80, nyuma ina nyumba kabisa kama kontena la bati jeupe, ina madirisha ya plastiki na jiko la gesi. Injini inawaka, dizeli. Nataka niitengeneze niwe napika chai, vitumbua na chapati pale karibu na vyuo, na likizo niende nayo hata Igombe bwawani kupumzika. Shida ni mvua. Paa linavuja kona mbili, fundi kaja kapaka silikoni kila mahali, mwezi huohuo likavuja tena, na ndani ukutani ukibonyeza panaingia kama keki. Nifanyeje? Nisije nikawa natupa hela.

Baba Kombi

Dada karibu sana. 207 D injini yake usiwe na wasiwasi, zile dizeli zinazeeka na wajukuu zake, fundi yeyote anayejua Benzi za zamani anaijua. Nyumba ndiyo ugonjwa. Hayo mabodi mengi ni bati jembamba la aluminiamu kwa nje, katikati fremu ya miti na povu, ndani plaiwudi nyembamba. Maji yanaingilia kwenye maungio ya juu kona, kwenye skurubu, kwenye fremu ya dirisha, yanashuka ndani ya ukuta huyaoni, ule mti unaoza mwaka mzima kabla hujaona doa. Ukiona doa umechelewa, ila siyo mwisho.

Chukua bisibisi, pita ukuta wote kwa ndani kuanzia chini kwenye kona ukigonga na kubonyeza. Palipolainika weka alama ya chaki. Ukimaliza simama mbali uangalie chaki. Kama ni kona mbili fungua plaiwudi hizo kona, kata mti uliooza mpaka ufike kwenye mti mkavu kabisa, acha jua la Tabora lifanye kazi wiki mbili, unga mti mpya. Kama chaki imezunguka gari zima basi nyumba ivunje ujenge bodi la duka juu ya chesisi, kwa biashara ya chai inatosha na pengine itakutoka hela kidogo zaidi.

Na silikoni ndiyo imekuharibia. Ile yenye harufu ya siki inakula chuma, na ikishapakwa hakuna kitu kingine kitakachoshika juu yake, hata silikoni mpya haishiki. Yote ikwanguliwe, siyo kupaka juu. Chomoa ule utepe wa aluminiamu wa kwenye kona, safisha mpaka bati lionekane, weka ile gundi ya mpira isiyokauka, inauzwa kama mkanda, wanaofunga vioo vya magari na mapaa ya bati wanaijua, rudisha utepe na skurubu mpya.

mzee_wa_reli

Mwanangu Binti Unyanyembe, mambo mawili na mimi. Hiyo gesi. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi dirishani, inashuka inalala sakafuni kama maji. Kabati la mtungi lazima liwe na tundu sakafuni linalotoka nje, na lisizibwe na kapeti wala gunia la mkaa. Hozi ya zamani usiiangalie usoni, itupe. Regyuleta nayo, magari mengi ya Kijerumani ya zama hizo vifaa vyake vilifanywa kwa presha tofauti na ya mitungi yetu ya leo, jiko liangaliwe na mtu wa gesi siyo wa magari.

La pili, usiku wa mwezi wa saba Tabora kunapiga baridi, mtu asikushawishi kuingiza jiko la mkaa ndani ya gari upate joto, hata kama moto umeshaiva na hauna moshi. Hewa yake haina harufu. Utalala na hutaamka. Jivikeni mablanketi.

Baba Kombi

Mzee hapo asante sana, hilo la mkaa ningelisahau.

Dada na matairi. Usiangalie kashata (yale meno ya tairi), angalia ubavuni kuna tarakimu nne mwisho wa herufi DOT, kwa mfano 3209, maana yake wiki ya 32 mwaka 2009. Haya magari hayatembei sana kwa hiyo tairi inakuwa na kashata nzuri kama mpya lakini mpira umezeeka, inapasuka ukiwa na mzigo. Langu nilipolinunua lilikuwa na tairi zenye kashata zote na umri wa kuanza fomu wani. Natumia 185R14 C, ile C ni ya mzigo, usikubali ya gari dogo.

Binti Unyanyembe

Asanteni sana jamani. Nimeenda leo Kitete kwa mjomba na chaki. Ni kona mbili na chini ya dirisha moja. Matairi ni 1411 😳. Nimeliambia gari lisinisogelee.

Ila na mimi nina la kuchangia, kaka hujasema turubai la paa lako unafanyaje mvua, maana hapa kwetu tuna nta.

Baba Kombi

Hahaha dada umenipeleka pabaya. Turubai la kwanza lilichanika likiwa linanyanyuliwa, lilikuwa limekauka kama karatasi ya saruji. Nililitoa zimazima nikampelekea fundi wa maturubai Ujiji, anashonea maboti na malori, akalifungua mishono akatumia vipande vya zamani kama patani, akashona turubai la pamba zito. Kazi safi, ila mvua ya kwanza maji yakaingilia kwenye matundu ya sindano, tone tone tone kwenye paji la uso, sehemu moja tu, yaani palepale.

Rafiki wa Urambo akanipa nta ya nyuki kilo mbili. Unaweka nta kwenye sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa yenye maji ya moto, usiweke moja kwa moja juu ya moto, inashika. Unapaka kwa brashi kwenye mishono tu kwa ndani na nje, halafu unapitisha pasi ya mkaa na karatasi katikati inyonywe na uzi. Mvua haikuingia tena. Ila tulipoenda kulala porini upande wa Sikonge asubuhi tukaamkia nyuki, sijui mia ngapi, wamekaa kwenye mshono kama wanakagua kazi. Tumekaa ndani mpaka saa tano. Nta tumia, ila iache ikae juani nyumbani wiki mbili harufu ipungue kabla hujaenda kwenye mizinga ya watu.

Na kwa kuwa nimetaja Sikonge, gari lilikuwa la bluu, bluu ya bahari. Ile barabara ya Ipole kwenda Mpanda mbung'o walikuwa wanatufuata kama wametumwa, Landcruiser nyeupe inatupita wanaiacha wanatufuata sisi.

Bwana Mifugo TBR

Wala hawajatumwa mkuu. Mbung'o wanavutwa na kitu kikubwa kinachotembea, na rangi ya bluu na nyeusi. Mitego yetu ya kitambaa porini tunaishona bluu na nyeusi makusudi. Wewe ulikuwa unatembea na mtego wenye matairi, na madirisha wazi.

Baba Kombi

Sasa hivi ni rangi ya krimu, na kwenye kadi nimeenda kubadilisha, msisahau hilo ukibadili rangi, trafiki anasoma. Mbung'o bado wapo ila siyo kama zamani.

Nimalizie la hatari kuliko yote halafu niwaache. Petroli. Hozi za mafuta za Kombi zinapita juu ya injini ya moto, zikizeeka zinapasuka nywelenywele chini ya klipu usipoziinamia huzioni, na Kombi nyingi duniani zimekufa kwa moto namna hiyo. Langu hozi zote nabadilisha kila baada ya miaka mitatu hata kama zinapendeza. Na ule mchujo wa plastiki ambao mafundi wanapenda kuuning'iniza pale karibu na distributa ili uonekane, uhamishieni chini ya gari upande wa tanki. Nanunua mafuta ya madumu vijijini kwa hiyo mchujo nabeba mitatu. Mtungi wa kuzimia moto uko mlangoni siyo nyuma karibu na injini, maana moto ukianza nyuma huwezi kuufuata huko.

Oili lita mbili na nusu tu, haina filta ya karatasi, ni chujio la waya unaosha. Kila kilomita 5,000 namwaga, na siku hiyohiyo asubuhi injini ikiwa baridi kabisa imelala usiku naweka mwanya wa valvu milimita 0.15 kwa fila geji. Asubuhi, baridi. Fundi akikwambia "iwashe kwanza ipate moto" mshukuru umpe soda.

Fundi Isevya

Baba Kombi nimerudi. Jana nimeenda Chemchem kuangalia Beetle moja niliyoitoa mimi mwenyewe mabati miaka minne iliyopita. Mwenyewe akaniambia safari ndefu haendi nayo tena, inaishiwa nguvu. Sikusema kitu. Nimemuomba mabati yake, alikuwa ameyafunikia kizimba cha kuku. Narudisha wiki hii, mpira natafuta wa basi kama wewe.

Halafu kwenye stoo ya hapo kwake kuna mikanda miwili ya injini hiyo, mipya, ya zamani lakini haijafungwa. Nikuchukulie?

Baba Kombi

Chukua yote miwili fundi wangu, ila ikunje kwa vidole kwanza, ikionyesha nyufa iache. Jumamosi nakuja Tabora, natoka alfajiri, watoto wamefunga shule. Na dada Unyanyembe nikipita nitaangalia hizo kona mbili, tuandalie vitumbua.

Migebuka Mikavu

Mkuu mimi naondoka kwenye huu uzi na swali langu. CHOO.

Baba Kombi

Jembe. Liko nyuma ya kiti cha dereva.